Gemu zilizokatishwa zinavyoendesha mabanda ya Kilombero

Biashara ya mabanda ya gemu katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara mjini hadi Mchombe, Mngeta na Mlimba, bado inabebwa na mashine iliyoacha kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2013. PlayStation 2, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo mtaji wa vijana wengi wanaoanza. Hata hivyo wenye mabanda wanakubaliana kwamba mteja hafuati mashine, anafuata gemu ya mpira yenye vikosi vya msimu huu. Gemu hiyo, kwa PlayStation 2, hakuna kampuni inayoitoa.

Makampuni yalifunga mlango huo zamani. FIFA 14 na PES 2014, zote za mwaka 2013, ndizo za mwisho kutolewa kwa mashine hiyo. PlayStation 3 nayo iliishia kwenye FIFA 19 ya mwaka 2018. Hoja ya watengenezaji inaeleweka. PlayStation 2 ina kumbukumbu ya megabaiti 32, wakati PlayStation 4 ina gigabaiti 8, yaani mara 256 zaidi. Gemu iliyoandikwa kwa mashine kubwa haihamii kwenye ndogo bila kuandikwa upya, na gharama ya kuiandika hurudi kwa mauzo ya diski halali.

Hapo ndipo wachezaji wa huku walipoachwa nje ya hesabu. Diski nyingi zilizofika mabandani zilikuwa za kunakili tangu mwanzo, kwa hiyo katika vitabu vya makampuni wateja wa bonde hili hawakuonekana. Soko likahesabiwa limekwisha, huku vijana wakiendelea kusubiri zamu ya pedi.

Waliojaza pengo

Pengo limezibwa na watu wasiolipwa na kampuni yoyote. Wanachukua PES ya miaka ya nyuma, wanafungua mafaili yake, wanabadilisha majina, jezi, nyimbo na orodha ya wachezaji, kisha wanaitoa kama gemu ya msimu mpya. Brazil ndiyo iliyovuma zaidi kwa kazi hiyo, kupitia matoleo yanayojulikana kama Bomba Patch. Matoleo ya aina hiyo hupakuliwa kwenye intaneti, huuzwa kwa mafundi wa Kariakoo, na hatimaye huingia bondeni ndani ya flashi iliyo mfukoni mwa abiria wa basi.

Kazi ya fundi ni ndogo kwa macho lakini inataka uzoefu. Kadi ya kumbukumbu iliyowekewa programu maalumu inachomekwa kwenye mashine, na mashine ikiwashwa inasoma programu hiyo badala ya kusubiri diski. Orodha ya gemu inatokea kwenye luninga, zote zikiwa ndani ya flashi. Kasoro yake ni kwamba tundu la flashi la PlayStation 2 ni la kizazi cha kwanza na linasoma polepole, hivyo video za utangulizi hukwamakwama. Fundi mzoefu huziondoa kabisa ili mechi ianze haraka. Faida ni kubwa, kwa kuwa lenzi, kifaa kinachokufa mapema kuliko vyote kwenye mashine hizi, inapumzishwa.

Mmiliki mmoja wa banda huko Mchombe anasema bila flashi angekuwa amefunga biashara. Lenzi za kubadilishia zinazoletwa sasa, kwa maelezo yake, nyingi ni za bandia na hazimalizi msimu wa kilimo. Lakini malalamiko yake makubwa hayahusu lenzi. Anadai kwamba kila usajili wa wachezaji unapofungwa Ulaya, mafundi hupandisha bei ya kuingiza toleo jipya, na yeye hana namna ya kukataa. Mteja akikuta mchezaji aliyehama bado amevaa jezi ya zamani, anaweka pedi chini na kwenda banda la jirani. Wateja wengine wanauliza hata timu za Kariakoo, na banda linalokuwa nazo linapata wateja siku nzima.

Kwa biashara ambayo mechi moja hulipiwa kwa sarafu, anaeleza mfanyabiashara huyo, kupanda kwa gharama ya fundi hakuwezi kuhamishiwa kwa mteja. Kijana aliyezoea bei ya mechi akiongezewa, anacheza mara moja badala ya mara tatu. Ndiyo maana analipa kutoka mfukoni na kungoja mavuno ya mpunga, pesa inapozunguka. Masika, barabara ya Ifakara hadi Mlimba ikiharibika na watu wakiwa mashambani, banda linaweza kupitisha siku nzima na wateja wa kuhesabika.

La tatu katika orodha yake ni kuchanganywa na wenye madubwi. Anasema wapo watendaji wanaoingia bandani wakiamini luninga yoyote yenye vijana mbele yake ni kamari, na wanadai vibali vya michezo ya kubahatisha. Katika gemu ya mpira hakuna anayeshinda fedha ya mwenye banda. Mchezaji analipia muda, kama anayelipia kuangalia mechi kwenye kibanda umiza. Wazazi wana haki ya kulalamikia watoto wanaotoroka shule, na yeye mwenyewe anakiri kwamba wapo wenzake wanaopokea wanafunzi saa za masomo. Hilo ni kosa linaloweza kushughulikiwa bila kuiita biashara yote kamari.

Umeme uliofika na usiofika

Afisa mmoja anayefuatilia maendeleo ya vijijini anaiona biashara hii kama ushahidi wa mafanikio. Anataja vijiji 12,318 vya Tanzania Bara kwamba vyote vimefikishiwa umeme, na anaamini banda la gemu katika kata kama Mchombe ni matunda ya kazi hiyo. Anaongeza kuwa mtandao wa kizazi cha nne nao umewafikia takribani watu tisa kati ya kila kumi, hivyo kwa maoni yake hakuna sababu ya kijana wa bondeni kuendelea na mashine ya mwaka 2000.

Takwimu ya vijiji ni sahihi, lakini kijiji kuhesabiwa kuwa kimefikiwa si sawa na kila kitongoji kuwaka. Vitongoji vya Tanzania Bara ni 64,359, na sehemu kubwa bado inasubiri nguzo. Bonde hili linapakana na mabwawa ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na Kihansi, yenye megawati 180, lakini wenye mabanda wanazungumzia umeme unaokatika katikati ya mechi na mteja anayedai mchezo urudiwe bure. Hasara hiyo haimo katika takwimu za vijiji vilivyofikiwa.

Hoja ya mtandao nayo inahitaji uangalifu. Gemu ya mpira ya PlayStation 4 inaweza kuhitaji makumi ya gigabaiti kupakuliwa, pamoja na marekebisho ya mara kwa mara. Kuwa ndani ya eneo lenye mawimbi si sawa na kumudu bando la ukubwa huo. Toleo la PlayStation 2 linatosha kwenye diski moja ya gigabaiti 4.7, na likishapakuliwa mara moja Ifakara linaweza kuenea bonde zima kwa flashi.

Duniani wanarudishaje

Gemu kukatiwa safari na kurudi baadaye si jambo la Kilombero peke yake. Toleo la Half-Life la mashine ya Dreamcast lilifutwa mwaka 2001 likiwa karibu kukamilika, kisha likavuja na kuchezwa na watu ambao kampuni haikuwauzia. Star Fox 2, iliyowekwa kando katikati ya miaka ya 1990, ilitolewa rasmi na wenye haki wenyewe mwaka 2017. Yote mawili yanaonyesha kwamba gemu iliyoachwa inaweza kubaki na wateja.

Tofauti ni kwamba Star Fox 2 ilirudi kwa mkono wa mwenyewe, wakati matoleo ya mabandani hayana kibali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na mwenye banda ndiye aliye rahisi kufikiwa, si aliyetengeneza toleo akiwa Brazil. Hatari hiyo haizungumzwi sana bondeni kwa sababu wenye haki hawajaonekana kulijali soko hili, lakini haijaondoka.

Mwelekeo

Wachambuzi wa mtaani wamegawanyika. Wapo wanaoona simu zitamaliza mabanda, kwa kuwa gemu za mpira sasa zinachezeka mkononi. Wengine wanasema simu haina mpinzani aliyekaa kando yako wala watazamaji wanaokuzomea ukifungwa, na hicho ndicho mteja anacholipia. Mashine za PlayStation 3 na 4 za mitumba zinaweza kuendelea kuingia, ingawa kasi yake itategemea bei ya mpunga zaidi ya mpango wowote wa serikali.

Halmashauri zingefanya vema kuyatenga mabanda haya na kamari katika daftari za leseni na kusimamia kwa ukali saa za wanafunzi. Hilo likifanyika, angalau ukubwa wa biashara utajulikana. Kwa sasa, ushauri wa waliodumu kwa kijana anayetaka kuingiza fedha ya mavuno ya mwaka huu ni kutafuta kwanza fundi wa kuaminika aliye karibu, na kununua mashine baada ya kukubaliana naye bei ya matoleo ya msimu mzima.