Tovuti Yako Ipokee Wageni Wote



Siku hizi hata fundi cherehani na mfuga nyuki wanaweza kuwa na tovuti zao. Tovuti ni kurasa tunazozisoma kwa simu au kompyuta kupitia intaneti. Mpango huu ulibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza, Tim Berners-Lee, akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 CERN iliutoa bure kwa watu wote.

Tovuti yako ni kama baraza ya nyumba yako. Mgeni humfungii mlango, wala humpekui mifukoni. Sasa tufanyeje?

1. ASIYEONA NAYE ASOME

Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Katika simu nyingi za Android programu hiyo inaitwa TalkBack. Lakini picha isiyo na maelezo inaweza kumpita hivi hivi. Kwa hiyo kila picha tuiandikie maelezo. Usiandike "picha" tu. Andika: "Mizinga mitatu juu ya mwembe."

Tena, ndani ya ukurasa weka alama lang="sw", yaani lugha ni Kiswahili. Bila alama hiyo, sauti inaweza kusoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. Hapo msikilizaji haambulii kitu!

Maandishi nayo yakolee. Kijivu juu ya nyeupe kinawatesa wazee.

2. TUSIMALIZE BANDO LA MGENI

Herufi 1,000 huchukua kama kilobaiti 1 tu. Picha moja ya simu yaweza kufika megabaiti 4, sawa na herufi milioni 4! Ipunguze kabla ya kuiweka.

3. TULINDE SIRI

Wengine huweka kwenye tovuti vihesabio vya wageni vinavyotolewa bure na makampuni. Baadhi ya vihesabio hivyo humfuata msomaji na kuandika amesoma nini. Je, mama anayesoma habari za ugonjwa wake, kampuni ya mbali ijue kwa nini?

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi tunasema: usichohitaji, usikikusanye.

Linda na siri yako. Picha ya simu inaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa, pengine nyumbani kwako. Ifute alama hiyo kwanza.

4. TUITUNZE

Kila mwezi jaribu viungo vyote. Kilichokufa kiondoe. Jina la tovuti hulipiwa, mara nyingi kila mwaka. Ukisahau, mtu mwingine anaweza kulichukua. Weka pia nakala ya kurasa zako mahali pengine.

Mwisho, mwombe jirani asiyeona aisikilize tovuti yako. Akikwama, rekebisha hapo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini picha iandikiwe maelezo?
2. Mgeni wa tovuti anadaiwa kutuambia nini juu yake?