Vita vya Karatasi: Propaganda ya Serikali ya Kikoloni Nchini Kenya, 1939–1960

Propaganda ya vita ni habari zinazochaguliwa, kupangwa na kuenezwa na upande mmoja wa vita ili watu waamini na kutenda kile upande huo unachokitaka, na si lazima habari hizo ziwe za uongo, kwa kuwa ukweli uliokatwa nusu mara nyingi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko uongo mtupu. Katika historia ya Kenya, mfano mkubwa wa kazi hiyo ni ule wa Hali ya Hatari, kipindi kilichoanza Oktoba 1952 na kumalizika mwanzoni mwa 1960, ambapo serikali ya kikoloni ilipigana na wapiganaji wa msituni kwa bunduki na ndege, na wakati huohuo ikapigana na raia wake wenyewe kwa magazeti, redio, sinema na vipeperushi. Vita hivyo vya karatasi vinastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu maneno yaliyobuniwa wakati huo yaliendelea kutawala vitabu, sheria na mazungumzo ya Wakenya kwa miaka mingi baada ya bendera ya Uingereza kushushwa.

Mashine ya propaganda iliyotumika katika miaka ya 1950 haikuundwa wakati huo. Ilijengwa mwaka 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza na serikali ya Nairobi ikajikuta ikihitaji askari, wabeba mizigo, chakula na utulivu wa watu ambao haikuwa imewahi kuwauliza maoni yao kuhusu jambo lolote. Ofisi ya Habari ya Kenya iliundwa, na mwaka huohuo kampuni ya East African Standard, iliyokuwa ikichapisha gazeti kuu la walowezi, ilianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza ili Waafrika wapate habari za vita kwa namna iliyokubaliwa na wakubwa. Mhariri wake wa kwanza, Francis Khamisi, alikuwa mtu wa pwani mwenye Kiswahili kizuri na msimamo wake mwenyewe, na baadaye alishiriki katika uongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) na gazeti lake la Sauti ya Mwafrika. Jeshi nalo lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili, likiwamo Askari na lile la Heshima lililowafikia wanajeshi wa Afrika Mashariki waliokuwa Burma, na pia lilikuwa na kikosi cha propaganda kilichozunguka mijini na vijijini kikionyesha silaha, gwaride na sinema mbele ya umati wa watu.

Ujumbe wa miaka hiyo ya 1939 hadi 1945 ulikuwa kwamba Hitler anataka kuwafanya watu watumwa na kwamba Uingereza inapigania uhuru. Ujumbe huo ulisikika vizuri sana, pengine kuliko serikali ilivyotarajia. Mwaka 1940, wakati magazeti yakiendelea kuusifu uhuru, serikali ilipiga marufuku chama cha Kikuyu Central Association na kuwaweka viongozi wake kizuizini, na jarida lake la Muigwithania, ambalo Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wake wa kwanza mwaka 1928, likakosa chama cha kulisimamia. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye msituni kwa jina la Jenerali China, alikuwa koplo wa King's African Rifles huko Burma. Bildad Kaggia naye alitumikia jeshini hadi Mashariki ya Kati na Uingereza. Watu hawa waliambiwa kwamba wanapigania uhuru, wakarudi nyumbani kutafuta uhuru huo, wakakuta vipande, yaani vitambulisho vya kufungwa shingoni, na ardhi iliyokwisha gawiwa wengine.

Miaka saba iliyofuata ndiyo iliyokuwa miaka ya neema kwa magazeti ya Waafrika. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945, Kaggia akahariri Inooro ria Agikuyu, Gakaara wa Wanjau akachapisha majarida na vitabu, na mengi ya machapisho hayo yalipigwa chapa katika mitambo ya Wahindi wa Nairobi, akiwamo Girdhari Lal Vidyarthi wa Colonial Times, ambaye alifungwa jela kwa kosa la uchochezi. Nakala moja ya gazeti haikuishia kwa mnunuzi wake, kwa kuwa ilisomwa kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Vijitabu vya nyimbo za Kigikuyu vilivyotumia tuni za kanisani navyo vilienea, na Mzungu aliyepita barabarani asingeweza kujua kama waimbaji wanamsifu Mungu au wanaidai ardhi yao.

Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, hatua ya kunyamazisha ilitangulia hatua ya kusema. Makumi ya magazeti na majarida ya Kigikuyu na Kiswahili yalipigwa marufuku, Gakaara na wahariri wengine wakakamatwa, Kaggia akashtakiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria, na Muoria, aliyekuwa safarini London, akabaki huko kama mkimbizi hadi kifo chake mwaka 1997. Jambo hili ndilo msingi wa mengine yote, na huwa linasahaulika: propaganda haistawi mahali penye sauti nyingi, hivyo kazi ya kwanza ya anayetaka kuaminiwa peke yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayesikika.

Baada ya hapo picha zilianza kufanya kazi. Januari 1953 familia moja ya mkulima Mzungu iliuawa Kinangop, na picha ya chumba cha mtoto wao mdogo, pamoja na vitu vyake vya kuchezea, ilizunguka dunia nzima. Muda mfupi baadaye walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi Government House, ambayo leo ni Ikulu, hatua chache kutoka Kilimani, mtaa wa Nairobi uliokuwa sehemu ya makazi ya Wazungu ambamo Mwafrika aliishi kama mtumishi tu. Kifo cha mtoto huyo kilikuwa unyama, na hakuna anayestahili kukitetea. Lakini idadi ya raia walowezi waliouawa katika kipindi chote ilikuwa 32, wakati hesabu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliuawa na wapiganaji, wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa na majeshi ya serikali, na watu 1,090 walinyongwa. Msomaji wa gazeti huko London alizijua sura za wale 32 na hakujua sura hata moja ya wale maelfu.

Tukio la Lari linaonyesha jinsi ukweli unavyokatwa nusu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walichoma nyumba za machifu na walinzi wa serikali na kuua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Waandishi wa habari walipelekwa huko mara moja, picha zikapigwa na kusambazwa, na kila walichokiona kilikuwa kweli. Ambalo halikuonyeshwa ni kisasi kilichoanza usiku huohuo na kuendelea siku zilizofuata, ambapo walinzi na askari waliua watu ambao mwanahistoria David Anderson anakadiria kwamba idadi yao ilifikia mamia. Maiti za kwanza ziliingia katika historia. Za pili zilifichwa kwa nusu karne.

Maneno yalifanya kazi nzito kuliko picha. Wapiganaji walijiita jeshi la ardhi na uhuru, lakini serikali ililishikilia jina la Mau Mau, jina ambalo halina maana ya wazi katika lugha yoyote, na kwa hiyo liliweza kujazwa maana yoyote iliyotakiwa. Waliokuwa msituni waliitwa magaidi, waliojiunga na serikali wakaitwa waaminifu, ingawa wanakijiji waliwaita kamatimu, yaani watu wa mikuki. Mwaka 1954 serikali ilichapisha kijitabu cha daktari J. C. Carothers kilichodai kwamba chanzo cha vita kilikuwa mtikisiko wa akili ya Mwafrika aliyekutana na maisha ya kisasa, dai ambalo lilikuwa na faida kubwa kisiasa kwa kuwa mgonjwa hutibiwa na harudishiwi shamba. Mahabusu waligawanywa kwa rangi, weusi kwa wakaidi, kijivu kwa wanaoyumba na weupe kwa waliotubu, na kupitishwa kutoka kambi hadi kambi hadi rangi yao ibadilike.

Kuanzia katikati ya 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao hadi vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na kwa kila hali eneo hilo likawa nchi iliyokaliwa na jeshi. Huko propaganda haikuhitaji kumfuata msikilizaji, kwa sababu msikilizaji hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Gari la vipaza sauti liliingia, mkutano ukaitishwa, maungamo yakatolewa hadharani. Mwezi Aprili mwaka huohuo, katika operesheni iliyoitwa Anvil, watu wapatao 20,000 wa Nairobi walichukuliwa hadi kambi ya Lang'ata kuchujwa, wakapita mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye wenyeji walimwita gakunia, na kutikisa kwake kichwa kukaamua mtu aende kushoto au kulia.

Kwa wale wa msituni, ndege zilishusha vipeperushi kwa maelfu na nyingine ziliruka zikitangaza kwa vipaza sauti juu ya Aberdare na Mlima Kenya. Agosti 1953 Jenerali Erskine, mkuu wa majeshi ya serikali, aliahidi kwamba atakayejitokeza akiwa ameshika tawi la kijani hatapigwa risasi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ndiye aliyefanyiwa karatasi iliyojulikana kuliko zote: Idara ya Habari ilichapa vipeperushi zaidi ya 120,000 vyenye picha yake akiwa amelala, pingu mikononi, nywele ndefu zilizosokotana, macho yakimtazama mpiga picha. Lengo lilikuwa kuwaonyesha wafuasi wake kwamba amekwisha. Picha hiyohiyo leo hutundikwa ukutani na kuvaliwa kifuani na vijana wanaomheshimu, na karatasi iliyochapwa ili kumdhalilisha imekuwa kumbukumbu yake kuu.

Waliolengwa na maneno haya hawakukaa kimya wakayameza. J. M. Kariuki, aliyezuiliwa katika kambi mbalimbali, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba wafungwa wa kambi ya Manyani walikuwa na aina mbili za habari: Manyani Times, yaani habari zilizothibitishwa na mtu wa kuaminika aliyezisoma gazetini au kuzisikia redioni, na Waya Times, yaani uvumi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wa Manyani walikwenda hatua moja mbele na kuuliza kwanza limesemwa na nani. Kuanzia Julai 1954 redio ya Cairo nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na sauti yake ya kupinga ukoloni ilivuka mipaka ambayo hakuna afisa wa Nairobi aliyeweza kuifunga.

Mashine hiyo ya propaganda iliharibika katika kambi ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa na walinzi hadi kufa baada ya kukataa kazi ya lazima, na tangazo la kwanza la serikali likasema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha, kesi ikafika katika bunge la Uingereza, na wabunge wa vyama vyote viwili wakaishambulia serikali. Sentensi moja ya uongo, fupi na rahisi kupimwa, ilivunja kile ambacho nusu kweli za miaka saba zilikuwa zimekijenga.

Kilimani ya leo ina barabara mbili zinazokumbusha waliotoa hoja tofauti wakati huo. Dennis Pritt Road ina jina la wakili Mwingereza aliyemtetea Kenyatta Kapenguria na ambaye alishtakiwa kwa kudharau mahakama, kisha akaachiliwa, kwa sababu ya simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge wa London kulalamikia kesi hiyo. Argwings Kodhek Road ina jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini, ambaye walowezi walimwita wakili wa Mau Mau kana kwamba kutetea watu mahakamani ni uhalifu. Majina yao yaliandikwa kwenye vibao vya barabara mapema, lakini neno lililotumika kuwahukumu wateja wao lilichelewa kufutwa. Faili za siri zilizohamishiwa Uingereza wakati wa uhuru zilikiriwa kuwapo mwaka 2011 tu, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikatoa masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9. Huku nyumbani, marufuku iliyowekwa dhidi ya Mau Mau mwezi Agosti 1950 ilibaki katika sheria za Kenya huru kwa miaka 40, ikavuka utawala wa Kenyatta na wa Moi, hadi ilipoondolewa mwaka 2003.