Uvimbe Shingoni: Kwa Nini Maabara Hutumia Rangi Zaidi ya Moja?

 

Tuseme mtoto wako ana uvimbe shingoni. Haumuumi sana, lakini umekaa zaidi ya wiki mbili na unazidi kukua. Daktari amekata kipande kidogo cha tezi, akakwambia usubiri majibu. Siku zinapita. Jirani anakushauri mtoto achomwe au achanjwe chale. Mama, usikubali. Hebu nikueleze kinachofanyika maabara.

Kipande hicho hukatwa chembamba sana, hata mwanga ukapita. Kikiwa hivyo, hakina rangi. Ukikitazama kwa hadubini huoni kitu cha maana. Ndiyo sababu hutiwa rangi, na kila rangi ina kazi yake.

Kwanza kuna hematoksilini na eosini, ambazo hutumiwa pamoja. Hematoksilini hutoka kwa mti wa Amerika ya Kati, nayo hupaka kiini cha kila seli rangi ya zambarau. Eosini hupaka sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Hapo mtaalamu huona jinsi tezi ilivyoharibika, kama inafanana na kifua kikuu, yaani TB, au na saratani. Lakini vijidudu vya TB vyenyewe havionekani.

Ili kuvitafuta, hutumiwa rangi ya Ziehl-Neelsen, iliyopewa majina ya Wajerumani wawili. Kijidudu cha TB kina ngozi yenye nta. Rangi nyekundu hupashwa moto ili ipenye. Kisha huoshwa kwa asidi, na kila kitu hupoteza wekundu isipokuwa kijidudu hicho. Ni kama hina: ikishashika mkononi, sabuni haiitoi. Mwisho hutiwa rangi ya buluu, na TB huonekana kama vijiti vyekundu.

Rangi ya tatu ni auramini. Hii hufanya vijiti hivyo ving'ae manjano gizani, kwa hiyo hupatikana upesi zaidi, lakini inahitaji hadubini yenye taa maalumu.

Sasa sikiliza vizuri. Tezi ya mtoto mara nyingi huwa na vijidudu vichache, na rangi huweza kuvikosa. Jibu la "hakuna kilichoonekana" si lazima liwe na maana kwamba hakuna TB. Ndiyo maana daktari huweza pia kuagiza kipimo cha GeneXpert, kisichotegemea rangi. Ukiona kipande kimegawanywa katika chupa mbili, usishtuke. Kilichotiwa formalini ni cha kutazamwa kwa hadubini. Dawa hiyo huua vijidudu, kwa hiyo kipande cha kuoteshea vijidudu huwekwa kando.

Basi mama, uliza tarehe ya kurudi na uache nambari ya simu inayopatikana. Mtoto akianza kukohoa, kupata homa au kukonda, usingoje tarehe hiyo, mrudishe mapema. Chemsha maziwa, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, kwa maana TB ya mifugo hupita humo. Ikithibitika ni TB, dawa ni bure katika hospitali za serikali, na mtoto akizimaliza zote, kwa kawaida hupona.