Unataka seva ya gemu nyumbani? Fanya kipimo hiki cha dakika mbili kabla hujamlipa fundi



Tuseme uko Mkula, mkoani Simiyu. Una laptopu, una ruta ya laini ya simu, na una washikaji watano: wawili wako Lamadi, mmoja Bariadi, mmoja anasoma Mwanza na mwingine kahamia Dar. Wote mnacheza Minecraft. Sasa mnataka dunia yenu wenyewe, isiyoingiliwa na wageni. Laptopu yako iwe seva, wengine waingie kucheza.

Unaangalia video mtandaoni. Jamaa anasema: fungua poti 25565 kwenye ruta, basi, kazi imeisha. Unafungua, unahifadhi. Mshikaji wa Bariadi anajaribu kuingia, wapi! Unarudia mara tatu, bando linakata. Mwisho anatokea fundi: "Lete hela nikufungulie."

Subiri kwanza. Usitoe hata shilingi. Inawezekana kabisa ulifanya kila kitu sawasawa, ila kwa laini yako jambo hilo haliwezekani, hata aje fundi gani. Ngoja nikueleze kwa nini, kisha tuone njia zinazofanya kazi kweli.

Poti ni kitu gani?

Kumbuka shule ya bweni. Wanafunzi mamia, Sanduku la Posta moja. Barua ikija na jina lako, karani anakuita. Ikija na S.L.P. tu bila jina, karani hajui ampe nani. Inabaki mezani.

Nyumbani ni vilevile. Simu yako, simu ya mama, TV na laptopu vyote vinatoka nje kwa anwani moja ya IP, na ruta ndiyo karani. Ukifungua YouTube, ruta inakumbuka nani aliyeomba, hivyo jibu likirudi inampelekea. Lakini mshikaji akibisha hodi kutoka nje bila wewe kumwita, ruta haina kumbukumbu naye. Inamwacha mlangoni.

Kufungua poti ni kumwachia karani maagizo: "Chochote kikija na namba hii, kipeleke kwenye laptopu." Hiyo namba ndiyo poti.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Minecraft ziko mbili. Ile ya kompyuta inaitwa Java, na poti yake ni 25565 aina ya TCP. Ile ya kwenye simu inaitwa Bedrock, poti yake ni 19132 aina ya UDP. Kama washikaji zako wanatumia simu na wewe umefungua 25565, umefungua mlango wa nyumba nyingine.

Kipimo cha dakika mbili

Simu yako inatosha. Kama una VPN, izime kwanza.

1. Unganisha simu na Wi-Fi ya ruta. Fungua kivinjari, andika namba iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

2. Ingia kwa paswedi ya ruta, tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Tafuta mahali palipoandikwa "WAN IP". Iandike pembeni.

3. Ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, tafuta Google "what is my IP". Angalia ile anwani ya namba nne zenye nukta katikati, si ile ndefu yenye herufi.

4. Linganisha hizo mbili.

Zikifanana, hongera, una anwani ya umma. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine mbele yako. Na ile ya WAN ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni anwani ya ndani. Nayo haifikiki moja kwa moja kutoka nje.

Kwa laini za simu, jiandae kukuta hali hii ya pili. Ndiyo ya kawaida.

Kwa nini laini ya simu inagoma?

Rudi kwenye mfano wetu wa barua. Fikiria shule yenyewe haina S.L.P. yake. Inatumia sanduku la misheni, pamoja na shule nyingine ishirini. Wewe umempa maagizo karani wa shule yako, sawa. Lakini barua imeishia misheni, na huko hakuna anayekujua. Karani wako hajaiona hata kwa macho.

Ndivyo kampuni za simu zinavyofanya: wateja wengi wanatoka kwa anwani moja ya umma. Mafundi wa mitandao wanauita mfumo huu CGNAT. Ruta yenye maagizo unayoyahitaji iko kwenye mitambo ya kampuni, na wewe huna funguo zake.

Si roho mbaya ya kampuni. Anwani za IPv4 dunia nzima ni kama bilioni 4.3 tu, na watu na vifaa ni vingi kuliko hivyo. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius. Tangu Januari 2020 iko kwenye hatua ya mwisho ya kugawa akiba iliyobaki, ambapo ombi moja hupata anwani zisizozidi 1,024. Ukiwa na wateja mamilioni, hizo utampa nani?

Kwa hiyo fundi akikwambia atakufungulia poti kwenye laini ya namna hii, muulize swali moja: "WAN IP yangu ni ya umma?" Akianza kuzunguka, beba ruta yako uende.

Kama anwani yako ni ya umma, fuata hatua hizi

Kwanza, ipe laptopu anwani ya kudumu ndani ya nyumba. Kwenye ruta tafuta "DHCP Reservation" au "Static Lease", chagua laptopu, ipe mfano 192.168.1.50. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, laptopu inaweza kupata namba nyingine na maagizo yako yakaelekea kwa TV.

Pili, washa programu ya seva na uijaribu humohumo ndani. Simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo iingie kwa 192.168.1.50. Ikigoma hapo, usiguse ruta. Tatizo liko kwenye laptopu. Mara nyingi ni fayawoli ya Windows, ile programu inayozuia wageni. Iruhusu seva yako tu. Usiizime yote.

Tatu, kwenye ruta tafuta "Port Forwarding", au "Virtual Server", au sehemu ya "NAT". Jaza: poti ya nje 19132, poti ya ndani 19132, aina UDP, anwani 192.168.1.50. Hifadhi.

Nne, jaribu kutoka nje. Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, ndipo uingie kwa anwani ya umma. Usijaribu ukiwa ndani, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kukutoa nje na kukurudisha, utadhani imefeli kumbe iko poa. Pia tovuti nyingi za kupima poti zinapima TCP tu, kwa hiyo poti ya UDP zitakwambia imefungwa hata kama iko wazi. Mpimaji wa kweli ni mshikaji wako wa Bariadi.

Tano, anwani ya umma nayo inaweza kubadilika. Huduma kama DuckDNS au No-IP zinakupa jina linaloifuata anwani popote iendapo. Washikaji wanashika jina, si namba.

Kama huna anwani ya umma, njia bado zipo

Njia ya kwanza: iombe. Piga huduma kwa wateja, uliza kama wana kifurushi chenye anwani ya umma, na bei yake kwa mwezi. Kwenye laini ya kawaida ya simu usitegemee sana. Uwezekano ni mkubwa zaidi kwenye faiba au vifurushi vya biashara.

Njia ya pili: pitia seva ya katikati. Huduma kama playit.gg inafanya hivi: laptopu yako yenyewe inatoka nje na kuishika seva yao, halafu washikaji wanaingia kupitia huko. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza kutoka, CGNAT haikuzuii. Hasara yake ni umbali. Ikiwa seva ya katikati iko Ulaya, ujumbe wa kutoka Mkula kwenda Bariadi unavuka bahari na kurudi. Gemu inachelewa. Na nyaya za baharini zikipata hitilafu, kama EASSy na Seacom zilivyokatika tarehe 12 Mei 2024 na kuyumbisha intaneti Tanzania na majirani, nanyi mnayumba.

Njia ya tatu: mtandao wenu wa siri. Programu kama Tailscale au ZeroTier zinaunganisha vifaa vyenu kana kwamba viko Wi-Fi moja, na mara nyingi vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe bila kupitia katikati. Kila mmoja anaweka programu kwenye simu yake. Kwa kikundi cha watu sita, mimi ningeanza na hii. Usishangae Tailscale ikikupa anwani inayoanza na 100, hiyo ni ya kwenu wenyewe.

Ila jua hili: programu hizi ni aina ya VPN. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa zao, mwisho tarehe 30 mwezi huo. Kabla hujasambaza kwa kundi zima, angalia maelekezo ya TCRA yanasemaje sasa.

Njia ya nne: kutaneni. Mkiwa sehemu moja, hata ruta isiyo na bando inatosha kuunganisha simu zenu, au mmoja awashe hotspot huku data imezimwa. Gemu inapita hapohapo ndani. Hakuna CGNAT wala kusubiri.

Sehemu ambayo video nyingi zinairuka

Ukifungua poti, unaifungulia dunia nzima, siyo washikaji peke yao. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha hodi kila mlango. Na kwenye Wi-Fi hiyohiyo iko simu ya mama anayofanyia miamala ya duka.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu, zile ambazo wenyewe hawakubadilisha. Vijana waliokitengeneza walikuwa Wamarekani waliojihusisha na biashara ya seva za Minecraft, na shabaha mojawapo ilikuwa kuangusha seva za wapinzani. Desemba 2021 likaja tatizo la Log4j: kwa Minecraft ya Java ambayo haijasasishwa, ujumbe mmoja uliotungwa na kuandikwa kwenye chati ulitosha kumpa mtu udhibiti wa kompyuta yenye seva.

Kwa hiyo:

Badilisha paswedi ya ruta leo, iwe una seva au huna.

Fungua poti moja tu ya gemu. Usiguse kitu kinaitwa "DMZ", hicho kinaiweka laptopu nzima nje. Na usifungue 3389, 445 wala 22 kwa sababu tu video imesema.

Washa orodha ya walioruhusiwa kwenye seva, "allowlist", uandike majina ya washikaji tu.

Sasisha seva kila toleo jipya likitoka.

Gemu ikiisha moja kwa moja, rudi ufute yale maagizo kwenye ruta. Wengi wanasahau hapa.

Na LUKU je?

Laptopu inayokula wati 50 ikiwaka saa 24 inamaliza uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Kama umeme mnanunua pamoja nyumbani, hiyo si siri itakayodumu. Kubalianeni muda wa kucheza, mfano saa mbili usiku mpaka saa nne. Kwa masaa hayo mawili ni uniti 3 tu kwa mwezi. Na kabla hujazima laptopu, simamisha seva vizuri kwa amri ya "stop". Umeme ukikatika ghafla dunia yenu inaweza kuharibika, kwa hiyo tunza nakala kwenye flashi kila wiki.

Kwa kifupi, linganisha anwani zako mbili kwanza. Zikifanana, fungua poti yako mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Zikitofautiana, achana na poti, chukua njia ya tatu au ya nne. Na ile hela uliyotaka kumpa fundi, nunua bando mcheze.