Ununue Impela Ipi kwa Injini ya Boti?

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti hutegemea kipande cha raba kinachoenea kiganjani. Kipande hicho, impela, hukaa ndani ya pampu ya maji ya chumvi. Mabawa yake hukunjwa na uvimbe ulio upande mmoja wa pampu, kisha hufunguka upande wa pili, na kwa kukunjwa na kufunguka huko huvuta maji ya bahari na kuyasukuma kwenye kipozeo, hatimaye yakatoka kwa ekzosi. Mabawa yakikatika, maji hayapandi. Pampu ikizunguka kavu, msuguano huiunguza raba kwa muda mfupi sana, mara nyingi kabla mshale wa joto haujasogea.

Ukiingia sokoni kutafuta impela ya injini ndogo, ya nguvu farasi 10 hadi 40, utakuta bei zinazotofautiana hadi mara tatu au nne kwa vitu vinavyofanana machoni. Katika maduka ya Ulaya na Marekani, ambako wenye boti wengi wa pwani yetu huagiza, iliyo kwenye boksi la mtengenezaji wa injini huwa kati ya dola 35 na 60. Iliyo kwenye boksi la mtengenezaji wa pampu huwa dola 20 hadi 40. Zisizo na jina hushuka chini ya 15.

Mimi hushauri ile ya katikati. Kampuni za injini kwa kawaida hazitengenezi pampu zenyewe. Volvo Penta nyingi zimefungwa pampu za Johnson, na Perkins nyingi zina Jabsco. Ukilipia boksi la injini, mara nyingi unanunua raba ileile kwa bei ya juu. Kwa hiyo soma namba iliyo kwenye bamba la pampu yenyewe, na uagize impela kwa namba hiyo. Boti nyingi za huku zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na pampu huenda ilishabadilishwa, hivyo jina la injini pekee halitoshi. Kama bamba limelika, chukua impela ya zamani uende nayo dukani, mpime kipenyo, upana, tundu la shafti, idadi ya mabawa na namna inavyoshikwa: kwa ufunguo, pini au meno.

Hizo za bei ya chini zina hatari moja inayonifanya nizikwepe. Raba imegandishwa kwenye kiini cha shaba, na gundi ikiwa dhaifu viwili hivyo huachana. Shafti inazunguka, kiini kinazunguka, raba imesimama. Ukifungua kifuniko utaona mabawa mazima kabisa, na fundi anaweza kumaliza mchana mzima akitafuta tatizo kwenye mabomba.

Kuhusu aina ya raba, chaguo ni rahisi kuliko wauzaji wanavyolifanya. Neoprini ndiyo ya kupozea injini kwa maji ya bahari. Nitrili huvumilia mafuta, kwa hiyo ifikirie tu kama pampu yako hutumika pia kuvuta maji ya chini ya boti yaliyochanganyika na dizeli. Zipo pia za buluu, za poliyurethani, kama zile za Globe, ambazo mtengenezaji anasema zinaweza kwenda kavu kwa dakika 15. Anayepita mara kwa mara penye mchanga na majani ya bahari, ambapo mlango wa maji huziba, anaweza kuona faida yake. Mwingine atanufaika zaidi akiweka fedha hizo kwenye king'ora cha joto la ekzosi, maana ekzosi hupata moto mapema maji yanapokosekana, kabla injini yenyewe haijaonyesha dalili.

Gharama inayosahaulika ni ya safari ya kipuri. Kutuma kifurushi kimoja kidogo kwa haraka kutoka ng'ambo kunaweza kuzidi bei ya impela, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, 16% Kenya na 18% Tanzania Bara, pamoja na ushuru wa forodha. Wenye boti watano wakiagiza pamoja, gharama ya usafirishaji hugawanyika. Ukiagiza peke yako wakati boti imeshalala, unalipia pia siku zote ambazo haifanyi kazi. Ndiyo maana nasisitiza kununua mbili, na gasketi mbili: moja ifungwe, nyingine ikae botini ikiwa mpya, gizani, mbali na joto la injini. Ile iliyotolewa isiwekwe kama akiba. Mabawa yake yameshazoea kupinda, nayo haitavuta sawasawa siku utakapoihitaji katikati ya Mkanda, njia ya kwenda Pate, maji yakipwa.

Kazi yenyewe, pampu ikiwa inafikika, ni ya saa moja: funga koki ya maji ya bahari, legeza skrubu za kifuniko, vuta impela, pakaa mpya sabuni ya maji au gliserini, irudishe. Usitumie grisi ya kawaida, kwani mafuta huivimbisha neoprini. Kwenye injini ambazo kifuniko kimetazama ukutani, pampu nzima hufunguliwa, na hapo kumlipa fundi ni busara. Mwambie ahesabu mabawa. Lililokosekana limekwenda mbele kwenye bomba au mdomo wa kipozeo, na lisipotafutwa litaizibia hata impela mpya.

Ukiona maji yakidondoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu, sili imekufa, na kubadili impela peke yake ni kupoteza fedha. Usikimbilie pampu mpya, ambayo inaweza kugharimu dola 250 hadi 700. Seti ya kukarabati, yenye shafti, sili na beringi, kwa kawaida ni nafuu zaidi, mradi mwili wa pampu haujachimbika. Kifuniko kilicholika kwa mchanga nacho huweza kugeuzwa, upande wa nje ukaingia ndani, kwa gharama ya gasketi tu.

Vitabu vya injini huandikwa kwa watu wanaotoa impela wakati wa baridi kali. Huku kwetu ushauri huo una mahali pake wakati wa Kusi, boti inapopandishwa ufukweni kwa miezi: itoe, usiache mabawa yakiwa yamekunjwa mahali pamoja. Kwa boti ya kazi, badilisha kila mwaka, hata kama bado inaonekana nzima. Hedi iliyopinda, gasketi yake na bomba la ekzosi lililoyeyuka vitakula bei ya impela za miaka mingi.

Ukishafunga impela mpya, fungua koki kabla ya kuwasha, na mtu mmoja asimame nyuma akitazama ekzosi. Nusu dakika ikipita bila maji kutoka, zima injini.