Nyunzu: Gari ya ibridi inapunguza esanse, lakini barabara ndiyo inaamua

NYUNZU – Lita moja ya esanse inayouzwa Nyunzu imesafiri mbali. Imetoka Kalemie kwa reli ao kwa barabara ya udongo, ikamiminwa katika bidoni, na kila mkono ulioipokea umeongeza kitu kwenye bei. Ndiyo maana gari inayosifiwa kwamba inakunywa nusu ya esanse inavuta macho ya mfanyabiashara, ya shofere wa teksi na ya mtumishi wa serkali anayesafiri kati ya teritware ya Nyunzu na mji mkuu wa jimbo la Tanganyika.

Gari hizo zinaitwa ibridi. Zinazojulikana zaidi Afrika ya Mashariki ni Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, na ndugu yake mdogo Toyota Aqua, iliyotoka mwezi wa 12 mwaka 2011. Zikiisha kutumiwa Japani zinauzwa tena Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia na hata Kongo. Bei yake si ya kutisha, na sifa zake zinasikika vizuri. Lakini barabara ya Nyunzu si barabara ya Tokyo. Mwenye kuweka akiba yake yote kwenye gari ya namna hii anapaswa kujua mapema inafaa wapi, inaendeshwa namna gani, na ni wapi inaweza kumletea hatari.

Moteri mbili, tanki moja

Watu wengi wanachanganya gari ya ibridi na gari ya umeme. Ibridi ya kawaida haichomekwi kwenye umeme wa SNEL wala kwenye paneli ya jua. Chakula chake ni esanse tu. Ina moteri ya esanse, ina moteri ya umeme, na ina batri kubwa nyuma ao chini ya kiti cha nyuma. Shofere akikanyaga freni, moteri ya umeme inageuka kuwa jenereta: nguvu ambayo ingepotea kama joto kwenye freni inarudi kuwa umeme na kuingia katika batri. Gari ikianza tena kutembea, umeme huo ndio unaoisukuma.

Batri yenyewe si ghala kubwa. Ile ya Aqua ya kwanza ina volti 144, na inabeba umeme usiofika kilowati-saa 1. Peke yake haiwezi kupeleka gari mbali: kilomita 1 ao 2 polepole, kisha moteri ya esanse inawaka. Kazi ya batri ni kupokea na kutoa, kupokea na kutoa, mara mamia kwa siku.

Hapo ndipo siri ya gari hii ilipo. Inashinda mahali ambapo shofere anasimama na kuondoka mara nyingi: mjini, sokoni, kwenye msongamano. Mahali ambapo gari inatembea muda mrefu bila kugusa freni, faida inapungua.

Hesabu ya esanse

Wauzaji wanapenda kutaja tarakimu za Japani. Aqua ilipotoka, kipimo rasmi cha Japani kiliipa kilomita 35.4 kwa lita moja. Lakini gari hiyohiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Prius C, na kipimo rasmi cha Marekani cha mwaka 2012 kiliipa maili 53 kwa galoni mjini na maili 46 kwenye barabara kuu. Hiyo ni karibu kilomita 22.5 kwa lita mjini, na kilomita 19.6 kwa lita safarini. Gari ni moja, njia ya kupima ndiyo tofauti. Na vipimo vyote viwili vilifanywa bila matope, bila mchanga na bila magunia.

Tuchukue mfano. Teksi ya Kalemie inatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Tuseme gari ndogo ya kawaida inakunywa lita 8 kwa kilomita 100, na ibridi lita 5. Kila mwezi teksi hiyo inabakiza lita 45, na kwa mwaka lita 540. Sasa tuchukue mtu anayekwenda Nyunzu na kurudi, kilomita 800 kwa mwezi. Tuseme kwenye mchanga na mashimo tofauti inapungua hadi lita 1 kwa kilomita 100. Huyo anabakiza lita 8 kwa mwezi, yaani 96 kwa mwaka. Kila mtu anaweza kuweka hapo tarakimu za safari zake na bei ya esanse ya mtaa wake.

Namna ya kuendesha

Gari ya ibridi inamlipa shofere mpole. Jambo la kwanza ni freni: ukiona mtu ao shimo mbele, anza kupunguza mwendo mapema na ukanyage freni kidogo kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu dakika ya mwisho, freni za kawaida ndizo zinafanya kazi na umeme haurudi.

Kuondoka nako kuna namna yake. Kutambaa polepole sana ili moteri ya esanse isiwake si akili, kwa sababu batri inaisha na moteri itawaka tu kuijaza. Afadhali kuondoka kwa mwendo wa kawaida, kisha ukifikia mwendo unaotaka, legeza mguu.

Ukisimama muda mrefu, usiweke N. Kwenye N batri kubwa haijazwi. Weka P, ao baki D ukikanyaga freni. Herufi B ni ya mteremko mrefu tu, ili moteri isaidie kuzuia gari. Kutembea na B siku nzima ni kupoteza esanse.

Mipira ipimwe upepo mara kwa mara, kwa kuwa mpira uliolegea unaongeza esanse katika gari yoyote. Na usiache tanki ikauke. Shofere wengine wakiishiwa esanse wanaendelea kwa batri hadi gari isimame. Ni kosa kubwa: katika gari hizi batri kubwa ndiyo inayowasha moteri ya esanse. Ikiisha kabisa, hata ukileta esanse gari inaweza kukataa kuwaka, na huwezi kuiamsha kwa kamba za batri ya gari nyingine kama ulivyozoea.

Vumbi, matope na maji

Batri kubwa inapumua. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye vyuma vidogo, na feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu hilo ili kupoza batri. Kwenye barabara ya vumbi, madirisha yakiwa wazi, feni inavuta vumbi pia. Tundu likiziba, batri inapata joto, na joto ndilo linaloua batri hizi. Kwa hiyo, wakati wa vumbi funga madirisha, safisha tundu na chujio lake mara kwa mara, na usiweke gunia la mahindi ao nguo mbele yake. Bidoni ya mawese isikae juu ya kiti cha nyuma bila kufungwa vizuri: yakimwagika, yanashuka moja kwa moja kwenye batri.

Bidoni ya esanse ni mbaya zaidi. Wanaonunua kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale ambao Wakongomani wengi wanawaita Kadhafi, wamezoea kubeba akiba ndani ya gari. Mvuke wa esanse katika gari iliyofungwa ni hatari kwa gari yoyote. Katika gari hii kuna tena feni inayovuta hewa hiyo na kuipeleka kwenye batri.

Kisha kuna urefu wa gari kutoka chini. Aqua ina sentimita 14 tu kati ya udongo na tumbo lake, na chini ya tumbo hilo inapita kamba ya umeme mkubwa inayotoka kwenye batri kwenda mbele. Jiwe ao kisiki kinachogonga chini kinaweza kuharibu kitu kuliko bomba la moshi. Wakati wa mvua, kivuko ambacho Land Cruiser inapita bila wasiwasi si kivuko cha Aqua. Kama maji yanafika katikati ya mpira, rudi ao ngoja yashuke.

Gari ikinasa kwenye matope, desturi ni kufunga kamba na kuvutwa na lori. Hapa inapaswa kuangalia sana. Magurudumu ya mbele yakizunguka, moteri ya umeme inazunguka nayo na kutoa umeme hata gari ikiwa imezimwa. Kuitoa kwenye tope polepole, mita chache, si shida. Kuivuta kilomita nyingi hadi Kalemie magurudumu ya mbele yakiwa chini kunaweza kuharibu mashini, ao hata kuleta moto. Ibebwe juu ya lori, ao inyanyuliwe mbele.

Umeme unaoweza kuua

Umeme wa batri ya kawaida ni volti 12 na hauui mtu. Umeme wa ibridi ni jambo lingine: batri ya Aqua ni volti 144, ile ya Prius ni volti 201.6, na mashini inauinua hadi volti 500 na zaidi. Kamba zote za umeme huo zina rangi ya machungwa, kwenye Toyota na kwenye kampuni nyingine. Sheria kwa fundi asiyefundishwa ni fupi: rangi ya machungwa haiguswi, haikatwi, haipimwi.

Aliyefundishwa anaanza kwa kuzima gari na kuweka ufunguo mbali nayo. Anatoa waya wa batri ndogo, anavaa glavu za kuzuia umeme, anaondoa kifungio cha usalama cha batri kubwa, kisha anangoja angalau dakika 10, kwa sababu ndani ya mashini umeme unabaki hata batri ikiisha kutengwa. Glavu za kuosha vyombo si glavu za kazi hiyo.

Hatari nyingine ni ukimya. Gari ikionyesha neno READY kwenye dashibodi, iko hai hata kama haitoi sauti yoyote. Ukiisahau hivyo, moteri inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote, wakati fundi ameweka mkono chini ya kapo ao wakati gari iko ndani ya nyumba iliyofungwa, ambamo moshi wake unaweza kuua watu waliolala. Nao watoto kwenye avenyu hawasikii gari inayokuja polepole kwa umeme. Ulaya, tangu mwaka 2019, aina mpya za gari za umeme na ibridi zinalazimishwa kutoa sauti zikitembea polepole. Nyingi za zamani hazina sauti hiyo, kwa hiyo shofere mwenyewe apunguze mwendo na apige honi.

Usukani nao ni swali la usalama. Gari za Japani zina usukani kuume kwa sababu kule wanatembea upande wa kushoto, sawa na Tanzania na Zambia. Kongo tunatembea upande wa kuume. Shofere anayetaka kupita lori katika vumbi haoni kinachokuja hadi gari yake nzima iwe imetoka. Kama huna mtu wa kukuangalizia kushoto, baki nyuma.

Mbele ya kutoa feza

Nchini Marekani, Toyota ilikuwa inatoa garanti ya batri kubwa ya gari hizo kwa miaka 8 ao kilomita 160,000. Aqua ya mwaka 2012 imepita miaka hiyo zamani. Batri inaweza kuwa nzima bado, ao imebakiza miezi. Kwa macho haionekani.

Kuna njia ya kupima. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na programu ya simu kama Dr. Prius vinaonyesha volti za kila sehemu ya batri. Sehemu moja ikiwa chini ya wenzake, batri imeanza kuzeeka. Mnunuzi aombe kipimo hicho wakati gari inatembea, si ikiwa imesimama. Aangalie tena chombo cha maji ya kupoza mashini ya umeme, ambacho ni tofauti na rejeta, na anuse ndani ya gari. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika mitaa ya Kalemie. Gari iliyolala ndani ya maji haifai kununuliwa, hata kwa bei ya huruma.

Kisha aulize swali la mwisho: ikionyesha alama nyekundu Nyunzu, nani ataisoma? Kama fundi wa karibu mwenye kifaa yuko Kalemie, gari italazimika kubebwa juu ya lori, na mzigo huo peke yake unaweza kula lita zote 96 zilizobakizwa katika mwaka.

Kwa teksi inayozunguka Kalemie, hesabu inaweza kukubali. Kwa mwenye kukaa Nyunzu, ambaye safari yake ni udongo, vumbi na vivuko, gari ndefu ya kawaida ambayo kila fundi anaijua inaweza kunywa esanse zaidi na bado ikamgharimu kidogo.