Picha za Kihindi za Zamani Ziko Wapi?

Ukikaa na wazee wa Dodoma mjini, waulize habari za picha za Kihindi. Watakuambia. Zamani mjini palikuwa na jumba la sinema, na watu walisukumana kununua tikiti. Wengi hawakujua Kihindi, lakini walicheka na kulia pamoja na wachezaji.

Picha moja iliyopendwa sana katika nchi yetu ni Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor. Nyingine ni Mother India ya mwaka 1957. Hii ya pili inatuhusu sisi wakulima. Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijijini ili afanye harusi. Mama huyo hakujua kusoma. Deni likabishaniwa, wazee wa kijiji wakampa haki mkopeshaji. Tangu hapo robo tatu ya mavuno ilikwenda kwake kuwa riba. Mkulima wa Bahi au Mpwapwa hahitaji mkalimani kuelewa jambo hilo!

Je, picha hizo zilihifadhiwa katika kitu gani? Zilikuwa katika mikanda mirefu, iliyoviringishwa na kutiwa ndani ya makopo ya bati. Mkanda ni kama mtama ghalani, usipotunzwa huharibika. Joto na unyevu huufanya unuke kama siki. Kisha hujikunja na kukatika. Mikanda ya kabla ya miaka ya 1950 ilikuwa mibaya zaidi, kwa kuwa ilishika moto upesi. Mingine iliyeyushwa ili watu wapate madini ya fedha yaliyomo.

Hasara yake ni kubwa. Picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti iliitwa Alam Ara. Ilionyeshwa mwaka 1931. Leo hakuna nakala yake hata moja inayojulikana. Watu wanajua ilikuwako, basi.

Mwaka 1964 serikali ya India ilianzisha ghala la taifa la filamu katika mji wa Pune. Bwana P. K. Nair alifanya kazi hapo miaka mingi. Alizunguka huku na huku akitafuta makopo yaliyosahauliwa. Bila yeye, picha nyingi zingekwisha kama Alam Ara.

Siku hizi kuna njia nyingine. Mkanda hupitishwa katika mashine inayonakili kila kipande cha picha. Nakala hiyo huwekwa katika kompyuta. Kutoka nakala moja unaweza kutoa mia, na ya mia haififii. Kisha huwekwa katika intaneti, mahali ambapo simu yako inaweza kuifikia. Ghala moja la namna hiyo ni Internet Archive la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1996. Jingine ni Indiancine.ma, la filamu za India tu, lililofunguliwa mwaka 2013.

Usidhani kila picha ni ya bure. Sheria ya India hulinda haki ya mwenye filamu kwa miaka 60 baada ya kutolewa. Kwa hiyo huko India ulinzi wa Awaara na Mother India umekwisha. Picha ya juzi bado ni mali ya mtu.

Tena, picha ni ya bure lakini bando si la bure. Filamu ya saa tatu hula bando jingi. Afadhali uipakue ukiwa mahali penye intaneti ya bure, halafu uitazame nyumbani pamoja na jirani zako. Unapoitafuta, andika jina lake na mwaka wake, maana majina hufanana. Kama hujui jina, muulize mzee aliyeiona. Akiwa amesahau jina, mwombe aimbe wimbo wake.